Stika za Mezani kwa Zdravka

Uvumi wenyewe ulikuwa wa daktari wa meno wa mji wa Plovdiv. Eti alikaa mgahawani, akaskani msimbo wa QR uliobandikwa mezani ili asome menyu, na kabla supu haijafika simu ilikuwa imeshafyonzwa: pesa za benki, picha za wajukuu, kila kitu. Zdravka aliusikia saluni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukausha nywele, na tangu hapo haukumtoka.

Ubaya ni kwamba bintiye, Dilyana, alikuwa ameshaagiza misimbo kama hiyo kwa ajili ya mgahawa wao.

"Mama, kikundi cha watalii kutoka Sofia kinakuja Jumamosi na kiongozi wao anataka menyu ya kwenye simu. Wakipapenda, mabasi yao yatasimama hapa kiangazi chote. Wasipopapenda, naenda Hispania kuchuma stroberi. Safari hii sitanii."

"Kwa hiyo tuwaite watu kisha tuwaibie?"

"Nani kasema kuiba? Mbona baba tumemwekea msimbo kwenye tanzia yake ya nusu mwaka tangu afariki? Mtu anaskani, anaona picha zake na maisha yake. Kwa baba huogopi?"

"Baba yako hana benki."

Mchapaji mjini kwetu ni mmoja tu, Gancho, anayetuchapia harusi na misiba. Zdravka hakumtuma mtu, alikwenda mwenyewe na aproni yake. Tanzia za marehemu mumewe, Minko, zilikuwa tayari, sharubu zimetokea vizuri, za kubandikwa milangoni na kwenye nguzo kama ilivyo ada. Kando yake kulikuwa na stika za misimbo, miraba midogo myeusi na myeupe, mafungu mawili juu ya kaunta, moja la meza na moja la tanzia. Gancho akainua simu.

"Weka chini hiyo!" Zdravka akampiga kikofi cha mkono.

"Najaribu tu kama zinafungua, mama."

"Kajaribu za mkeo. Za kwangu hafungui mtu."

Akazizoa zote, akazitia kwenye mfuko wa aproni, akaushikilia njia nzima kama amebeba mayai. Alibandika kwa mkono wake mwenyewe, hakutaka msaada wa mtu. Za mezani akazipaka vanishi, mwizi asije akabandika yake juu. Halafu akamsimamisha Dilyana mbele ya ikoni ya Bikira Maria na kumwapisha kwamba hatazielekezea simu yake kamwe.

Katikati ya wiki, jirani yao Bibi Nedyalka alimwita kutoka dirishani.

"Zdravka! Nimemskani Minko wako hapa mlangoni kwangu. Mate yamenitoka!"

"Machozi, bibi. Unataka kusema machozi."

"Nimesema mate!"

Zdravka akatikisa kichwa. Uzee huo, masikini.

Jumamosi kikundi kiliingia kwa vicheko, kikajaza ukumbi. Kila meza ilikuwa na kikopo chenye maua matatu. Zdravka alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, akichunga mikono ya watu badala ya kuwakaribisha. Simu zikatoka, zikainamishiwa stika.

Vicheko vikakatika.

Mzee mmoja akavua kofia. Mama mwenye miwani akafanya ishara ya msalaba, akachomoa ua moja kutoka kwenye kikopo na kulitia mkobani. Yakabaki mawili.

"Umemwona yule?" Zdravka alimnong'oneza bintiye. "Mawili ni ya maiti! Nani anawawekea walio hai maua mawili? Kwanza anatuibia, halafu anatuchuria."

Kiongozi wa kikundi akainuka, akaja polepole.

"Pole sana, mama. Tumeona."

"Mmeona nini?"

"Yote. Hadi picha."

"Yesu wangu! Pigeni simu benki! Upesi, kabla hawajamaliza!"

Kiongozi akamtazama kwa huruma, akamshika bega. "Huzuni ina mambo yake, mama. Mlipaswa kupumzika kwanza. Tutapita siku nyingine, leo hakuna aliye na hamu ya kula."

Wakatoka kwa kunyata, mmoja mmoja, bila kuagiza hata kahawa. Basi likavuka barabara na kusimama kwenye mgahawa wa yule mwenye menyu za karatasi zenye madoa ya mafuta.

"Umeona sasa?" alisema Zdravka, na Mungu amsamehe, alikuwa na furaha kidogo usoni. "Nilisema. Wamefyonzwa wote!"

Dilyana alitoa simu yake, akavunja kiapo, akaskani meza ya karibu. Akasoma. Kisha akaenda chumbani kufunga begi.

Jumatatu alipanda basi la Hispania. Zdravka alimpungia mkono huku akimpigia kelele asiskani kitu chochote njiani.

Kina mama wenzangu mlio na mgahawa, au binti, au vyote viwili, epukeni haya:

Msiskani msimbo msiojua umebandikwa na nani.

Msiwaache wageni peke yao na meza.

Msiamini kila linalosemwa saluni, hasa kichwa kikiwa ndani ya mashine.

Msimzuie mchapaji kujaribu kazi yake.

Na stika za mezani msizitie mfuko mmoja na stika za marehemu, maana mpaka leo ukimskani Minko pale mlangoni pa kanisa, anakuambia: "Karibu supu ya utumbo na ulimi uliokaangwa kwa siagi, vya leo leo, kutoka jikoni kwetu."