Soda ya Afisa wa Afya

Mambo yaliharibika Jumatatu ya Pasaka, siku Ziro alipomzika mkewe pamoja na mtoto ambaye majirani wa Utange walimsifu angali tumboni: tumbo kubwa, baraka kubwa.

Sasa alikuwa amesimama uani mwa zahanati, nyuma ya akina mama wajawazito, akimsikiliza afisa wa afya aliyetumwa na wakubwa.

"Mama zangu, sukari ya mimba mnajitakia wenyewe! Chai tamu na mahamri, asubuhi na jioni. Kuleni samaki, kuleni mboga."

"Samaki utatuletea wewe, baba?" mmoja akamtania, wenzake wakaangua kicheko.

Ziro hakucheka. Marehemu alikuwa akifua nguo za watu kutwa nzima kwa chai ya rangi na mahamri, maana ndicho kilichopatikana. Kliniki hakukosa. Kila alipokwenda aliambiwa vipimo vya sukari vimekwisha, arudi siku nyingine.

Afisa alipomaliza, akaamuru akina mama wagaiwe soda.

Ziro akapenya katikati yao. Akaitwaa chupa mkononi mwa mjamzito mmoja kijana, chupa baridi inayotiririka jasho, akaibwaga mezani mbele ya afisa.

"Keti, mzee," afisa akamwambia.

"Siketi ng'o! Mpime huyu kwanza, hapa hapa, sote tukiona."

Afisa akamgeukia muuguzi wa zahanati. Muuguzi akamfunulia kisanduku cha vipimo, kitupu.

Yule mjamzito kijana, mkono wake ungali hewani, akawatazama wote watatu.

"Kwani mimi ninayo, hiyo sukari?"