Nne Nukta Sita

Nne nukta sita. Were alikipangusa kipimo cha tindikali kwa shati lake, akakichomeka tena kwenye udongo mwekundu chini ya mawaridi. Nne nukta sita vilevile, kana kwamba hajawahi kumwaga hapo gunia zima la chokaa.

Kwa miezi mitano sasa alikuwa amenasa kwenye bustani hii ya Muthangari. Bwana Navneet, mwenye nyumba, alikuwa ametoa sharti moja: tindikali ipungue, kipimo kipande hadi sita na nusu, ndipo amwandikie barua ya kumpendekeza. Bila barua hiyo, kitalu cha maua cha Uthiru hakingemwajiri. Na kitalu kilikuwa kimempa mpaka Ijumaa.

"Udongo haurudi nyuma hivyo wenyewe," Phoebe, mpimaji wa kule kitaluni, alimwambia Were alipompigia simu. "Kuna mtu anaurudisha."

Were alidhani anamjua mtu huyo. Kila asubuhi, akimwachia funguo za nyumba kabla ya kwenda dukani kwake mjini, Navneet humwambia kwa upole, "Usiwe na haraka, Were. Wewe sasa ni mtu wa nyumba hii." Were huyasikia maneno hayo kama komeo linalosukumwa. Nani angependa kumpoteza mfanyakazi wa bei rahisi?

Tena kulikuwa na jambo la ajabu. Kila akirudi kutoka kula mchana, kipimo hichohicho kilionyesha udongo wa mawaridi una joto la nyuzi ishirini na sita. Hatua tatu pembeni, kumi na tisa.

Jumatano hakwenda kula. Alijibanza nyuma ya tangi la maji, akasubiri kulisikia gari la Navneet langoni.

Gari halikuja. Mlango wa jikoni ulifunguka, akatoka Mama Jaswinder, mamake Navneet, mjane wa miaka themanini, ameshika birika linalofuka mvuke. Aliinama kwa shida, akamimina polepole kwenye kila shina. Harufu kali ya siki ikamfikia Were.

"Mama," alisema, akijitokeza. "Kumbe ni wewe?"

Mama Jaswinder hakushtuka. Aliliweka birika chini, akajifuta mikono kwa mtandio.

"Nachanganya na maji moto, nafikiri inaingia haraka," alisema. "Nisamehe, mtoto yangu."

Were alitaka kufoka, lakini sauti ilimtoka kama ya mtu anayeomba. "Kazi ya Uthiru inanipita, Mama. Nimekukosea nini mpaka unifunge hapa?"

Mama aliketi kwenye ukingo wa tuta la maua, akachota udongo uliolowa, akaushika kiganjani kwa muda mrefu.

"Kabla wewe uje, Navneet akienda duka alikuwa ananifungia ndani, anaenda na funguo mpaka jioni," alisema. "Miaka mitatu, Were. Sikukanyaga huu udongo."