Chupa za Somo la Sayansi

Mwalimu Emerensiana alikuwa akikata chupa kuukuu ziwe vyombo vya kupimia maji, maana shule ya kijiji haikuwa na hata kimoja. Wifi yake akaingia na chupa mbili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mwalimu gani huokota chupa kama mlevi?"

"Wifi yako," Emerensiana akacheka, akaipokea moja. Chini kulikuwa na utando mweupe, na harufu kali ikampanda puani. Kwenye karatasi iliyobanduka nusu, picha ya fuvu ilimkodolea macho.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Kwa kaka, Mbinga, alipomaliza kunyunyizia kahawa dawa ya wadudu. Zilikuwa kumi."

"Na zile nane?"

"Nilizisuuza ziwani, nikazijaza togwa watakayokunywa mapumzikoni wanaolima shamba la ujamaa."

Kule shambani, ngoma ya mapumziko ilikuwa imelia kitambo.