Kidole Nyuma ya Mgongo

Kidole kidogo kilikunjwa mara mbili, kisha kikanyooka. Mashoto alikiona akiwa tayari kuanzisha mpira, akaushusha mkono.

Ishara ile ilikuwa yake na marehemu mwenzake tu. Kwa miaka kumi na moja walicheza tenisi ya wawili wawili, chanda na pete, na marehemu akisimama wavuni humwonyesha hivyo nyuma ya mgongo: nitakatiza kulia.

Leo wavuni alisimama mwenzake mpya, yule yule aliyewabwaga katika fainali mbili.

Mashoto akamwendea. "Kaka, hiyo umeitoa wapi?"

Mwenzake akacheka, mdomo kauficha kwa mpira. "Acha utani, bwana! Si marehemu alinifundisha ishara zenu zote, kabla ya zile fainali? Nilidhani mlipanga kushindwa pamoja."

"Pamoja," Mashoto alisema.

Mwamuzi akawahimiza. Mashoto akafungua kitambaa cheusi alichojifunga mkononi tangu siku ya mazishi. Akakifutia jasho la kwapa, taratibu, makwapa yote mawili, akakitupa kwenye ndoo ya taulo chafu.