Wasifu wa Mume Wangu

"Shemeji, wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili. Turekebishie kabla hatujapeleka kuchapishwa," alisema mdogo wa marehemu mume wangu, akanipa wasifu wa kusomwa kaburini.

Kalamu nyekundu ilivuja, ikanichafua kidole gumba. Mkono ulifanya kazi wenyewe. Walipoandika "alizariwa" nikaweka "alizaliwa". Hapa mkato, pale nukta.

Nikafika mstari wa mwisho: "Ameacha mjane na watoto watano."

Mimi nilimzalia watatu.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kuna kosa jingine?" aliuliza.

Nilifuta wino kidoleni. Haukutoka.

"Sentensi yenyewe haina kosa," nilisema, nikafunga kalamu. "Hao wawili wapigieni simu, waje wakae na wenzao."