Aliyeketi Kando ya Waziri

Mama Guk, jirani wa ukuta kwa ukuta, anaapia macho yake mawili: wapelelezi wa ofisi maalumu inayochunguza wizi wa ardhi ya bandari walimkomba mzee Bae kila kitu, mpaka friji ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, na yeye mwenyewe wakamtoa kwa pingu huku analia kama mtoto. Ndivyo alivyowasimulia wenzake sokoni.

Wapi! Walichukua simu moja kuukuu. Mzee Bae ndiye aliyewashikia mlango, na walipokwenda zao nyumba ikazizima hata akatamani wangesahau kitu, warudi.

Alikuwa dereva wa waziri kwa miaka mingi. Sasa mke marehemu, watoto wako Kanada, na runinga aliizima siku alipoliona geti lake kwenye habari. Hakuiwasha tena.

Baadaye akawa anakuja mpelelezi mmoja tu, Hye-rin, binti mwembamba. Anavua viatu, anaketi kwenye sakafu inayopashwa joto kwa chini, anawasha kinasa sauti, anauliza lile lile: siku ile ya safari ya uwanja wa gofu, nani aliketi kando ya waziri garini?

"Kumbukumbu imeota kutu, binti. Ngoja kwanza nikueleze mama mkwe wa waziri alivyotapika kwenye kiti kipya..."

"Mzee Bae, sheria iliyotuunda inataja ardhi ya bandari tu. Matapishi hayamo."

"Basi njoo tena. Pengine nitakumbuka."

Alikumbuka vizuri sana. Lakini neno lenyewe lilikuwa moja tu, na akishalitoa, nani tena atabisha hodi kwake? Kisima kikikauka hakifuatwi na mtu.

Baridi ikaingia. Hye-rin akaendelea kuja, sasa Jumamosi, hana begi, ana mfuko wa machenza. Hakumkatiza tena. Alimwacha aongee juu ya marehemu mkewe, juu ya barabara za zamani, hata juu ya yale matapishi, na akacheka mpaka machozi. Mzee akawaza: wajanja hawa! Wanakulainisha taratibu mpaka uteme mwenyewe.

"Unanivua kama samaki, eh?" akamtania. "Chambo chenyewe kitamu."

"Kula, mzee. Hakina ndoano."

"Na kwenu je, hawakungoji?"

Hye-rin akamenya chenza jingine.

Jumamosi moja theluji ilianguka mpaka treni zikakwama. Mzee Bae alishakata tamaa aliposikia hodi. Binti alikuwa ametembea kutoka kituoni, soksi zimelowa chapachapa, meno yanagongana. Alipoibandika miguu yake sakafuni penye joto, mzee akaona haya. Mtoto wa watu anateseka hivi kwa sababu ya kizee kinachong'ang'ania neno moja! Kama leo ndiyo mwisho wa kumwona, basi na iwe.

"Washa kinasa sauti chako," akasema. "Aliyeketi kando ya waziri ni kaka yake, yule anayedai hajawahi kukanyaga bandarini. Niliwasikia wakigawana ile ardhi, kipande kwa kipande. Nitasema hata mbele ya jaji."

Hye-rin hakunyoosha mkono popote.

"Hukunisikia? Si ndicho ulichokifuata siku zote hizi?"

"Nimekusikia." Binti aliinamisha kichwa. "Mzee Bae, ofisi yetu ilivunjwa tangu majani yanadondoka, kabla ya baridi. Muda tuliopewa na sheria uliisha, mafaili wakapewa polisi. Mimi hata kitambulisho nilirudisha."

Sakafu ilikuwa na joto. Nje, theluji ilikuwa bado inaanguka.

"Jumamosi ijayo," akasema binti bila kuinua uso, "naomba uniruhusu nije tena."