Bado Kidogo

Mabati ya paa yaliunguza, hata Clovis akatandika gunia bichi chini ya magoti. Mota ya dishi ilikuwa imekwama kwa joto. Akalegeza boloti, akawa analizungusha dishi kwa mkono. Chumbani, baba yake mgonjwa alimwongoza kutoka kitandani, macho kwenye televisheni.

"Baba, picha iko?"

"Bado! Rudisha kidogo upande wa ziwa."

Akarudisha. Jasho likadondoka kwenye bati, likakauka palepale.

"Na sasa?"

Chini, kwenye televisheni, kwaya ya misa ikaanza kuimba, safi, bila kukatika. Baba hakusema kitu.

"Baba? Imefika?"

Kwaya iliendelea. Gunia lilikuwa limeshakauka. Magoti yakaanza kuungua.

Kisha, polepole, Clovis akalisukuma dishi pembeni, picha ipotee, ili mzee apige tena kelele: "Bado!"